Mkono Ndani ya Maji ya Barafu

Mume wangu ni fundi saa. Kazi yake ilikuwa ya kukaa: kutwa nzima ameinamia meza, lenzi imebanwa jichoni, kibanio mkononi. Mimi ni msusi, na saluni yangu inapakana na kibanda chake, ukuta kwa ukuta. Presha yake ilipoanza kupanda, hospitali walimwomba aingie kwenye utafiti wa mazoezi. Alikubali upesi, kwa sababu, alisema, hakuna sindano.

Siku ya kwanza nilimsindikiza. Daktari, dada mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, alimwambia atumbukize mkono kwenye beseni la maji ya barafu, mkono wa pili ukiwa umefungwa kipimo cha presha. Namba zikaruka.

"Umeona, mama?" akaniambia. "Baridi, hofu, hasira, vyote vinaufanya mwili umwage homoni zinazobana mishipa ya damu. Mishipa ya mtu wa kukaa inaweza kubana kupita kiasi. Akifanya mazoezi, homoni zinakuja, ila mishipa haishtuki sana."

"Kama mke aliyezoea kelele za mumewe," mume wangu akasema, meno yakigongana. Tulicheka wote watatu.

Basi akaanza. Kila jioni anafunga kibanda, anavaa kaptura ya mdogo wake inayompwaya, anatembea mwendo wa haraka mpaka shule ya msingi na kurudi. Wiki ya nane alitoka kupimwa akipeperusha karatasi: maji yale yale ya barafu, lakini presha ilipanda nusu tu ya mara ya kwanza.

"Mishipa imepata akili!" alisema.

Nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi. "Haya, hongera," nikajibu bila kugeuka.

Wateja ndio walioanza. Akipita dirishani na vile vimiguu vyake, saluni nzima inavunjika mbavu. "Shoga, huyu anakukimbia wewe au anamkimbilia mwenzio?" Nami nacheka nao. Mpaka siku moja nikatoka mlangoni, nikamwambia mbele yao wote: "Baba wee, mtu mzima hovyo! Kama umeamua kunidhalilisha, hamia huko huko hospitali."

Aliingia ndani akabadili nguo. Kesho yake jioni hakutoka, wala keshokutwa.

Wiki iliyofuata daktari alipiga simu. Mume wangu alikuwa anaoga, nikapokea mimi. Nikasema ameacha, kazi zimembana.

"Mwambie tunamsubiri," daktari akasema.

Sikumwambia.

Mwaka haukuisha. Mchana mmoja nilisikia kishindo upande wa pili wa ukuta. Nilimkuta sakafuni, mdomo umekwenda upande, vigurudumu vya saa vimemwagika kifuani. Kiharusi. Aliokoka, ila mkono wa kulia, ule wa kazi, haukurudi. Kibanda tukakiachia.

Nilimfuata daktari nikamuuliza waziwazi: angeendelea na mazoezi, yangempata haya?

"Siwezi kusema hivyo," akajibu. "Kuna mengi, mama. Ninachojua ni kwamba yalikuwa yanamsaidia."

Natamani angenikaripia tu.

Nilikaa na ile simu moyoni miezi minne. Asubuhi moja, namfunga vifungo vya shati, nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza yote, mikono ikiwa kwenye kola yake.

Siku hizi maneno yanamtoka moja moja. Alinitazama, akasema, "Nilisikia simu. Nilikuwa... mlangoni pa bafu."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuwa nimechoka. Nilitaka... kisingizio. Ukanipa."

Nililia nikiwa nimemshika shati. Akanipigapiga begani kwa mkono wa kushoto, akaniambia nimalizie vifungo, anasikia baridi.

Mpaka leo sijui kama alisema kweli au alitaka kunitua mzigo. Nimeogopa kumuuliza.