Jozi ya Namba Saba

Kangethe aliweka boksi la viatu mezani, katikati ya vikombe vya chai, akasema, "Mjomba, nivutie hivi. Vinatakiwa Jumamosi."

Ilikuwa Jumatano. Mimi ni fundi viatu. Nimeshona Nakuru, nikashona Arusha, nikashona Lubumbashi miaka sita, na kwingine ambako sikukaa vya kutosha kujua majina ya majirani. Sasa niko Toronto, kwa mtoto wa dada yangu, ghorofa ya tisa hapa mtaa wa Jane na Finch, na tangu nishuke kwenye ndege hakuna aliyekuwa amenipa kazi ya mikono. Nilifurahi. Nikavitoa.

Vilikuwa vyeupe, zambarau kisiginoni, vyepesi kama boksi tupu la kiberiti. Nikaingiza mkono, nikasoma namba.

"Hivi ni saba. Nani anavaa saba humu ndani?"

"Gakii."

"Binti yako ni nane na nusu. Viatu vyake si vile pale mlangoni?"

"Sasa si ndiyo maana nakwambia uvivute."

"Kangethe, ngozi ndiyo huvutika. Hizi ni nyuzi zimefumwa na mashine, na chini ni plastiki. Ukivuta, zinarudi."

Akavuta kiti, akaketi karibu nami kama mtu anayetaka kunieleza ugonjwa. Viatu vile vilitoka kwa Derek. Derek ni mtu wa kampuni ya viatu. Kazi yake ni kuzunguka kwenye viwanja vya mpira wa kikapu kutazama watoto wa watu. Alikuja mazoezini kwa akina Gakii, akagawa maboksi, kila msichana jozi moja, viatu ambavyo hata madukani havijafika. Jumamosi kungekuwa na mashindano kule Scarborough, na Derek angechagua wasichana kumi na wawili waende kambi ya kampuni, Amerika. Gakii ana miaka kumi na minne. Kangethe aliyatamka maneno hayo "kumi na wawili" kama vile tayari ameshawaona kumi na mmoja na anamsubiri mmoja tu.

"Basi mwambie Derek akupe namba nyingine," nikasema.

"Mjomba! Mtu akupe zawadi, umrudie umwambie haitoshi? Akija Jumamosi lazima amkute amevivaa. Wewe ndiwe wa kutufundisha hayo."

Na hilo ni kweli. Kwetu, mgeni akikuletea nguo, siku akirudi anakukuta umeivaa. Ukiiweka sandukuni umemtukana.

"Na si wewe uliyeniletea viatu vya bluu kutoka Lubumbashi?" akaendelea. "Unavikumbuka?"

"Nitavisahauje? Ulivipenda wewe! Wiki nzima hukuvivua."

Kangethe akacheka. "Vilinibana hadi nikawa nalilia chooni. Mama aliniambia nikivivua mbele yako atanichapa. Siku uliyopanda basi ndiyo siku niliyovivua. Nimekufa?"

Nikakirudisha kikombe mezani. Zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikisimulia habari za viatu vile. Nimezisimulia Arusha, nimezisimulia kwenye malori, jinsi mpwa wangu alivyovipenda. Sasa nikamtazama Kangethe na mvi zake mbili tatu.

Mtoto aliporudi kutoka shule nilimwita. Fundi hafanyi kazi kwa kukisia. Mguu unauweka kwenye kadibodi, unauzungushia penseli.

"Vua soksi, mama."

"Hapana, guka." Ndivyo anavyoniita, babu kwa Kikuyu. Hilo neno moja ni la kwetu, mengine yote hunijibu kwa Kiingereza, nami namwandika hapa kwa Kiswahili.

"Penseli haipiti juu ya soksi. Vua."

Akatazama mlango wa chumba cha baba yake. Akavua.

Mimi nimeona miguu. Nimeona ya wachimba migodi, nimeona ya askari waliotembea majuma. Lakini hao walikuwa watu wazima na walikuwa wakikimbia kitu. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi, umeinuka kama kifuniko. Kidole cha pili hakikuwa na ukucha kabisa. Chini ya plasta kulikuwa na majimaji.

"Tangu lini?"

"Siku tisa. Dadi anasema nivivae mazoezini vizoee."

"Mama yako ameona?"

Mama yake ni Nkirote, muuguzi. Akitoka zamu analala, akiamka anarudi zamu.

"Mama akiona ananitoa kwenye timu. Atasema nipumzike wiki sita, na Derek harudi tena baada ya wiki sita. Nalala na soksi, guka." Akanishika mkono wa shati. "Usimwambie. Ni hadi Jumamosi tu. Nikiingia kambini nitapumzika."

Nilipaswa kuinuka pale pale. Badala yake nilifanya nini? Nilifanya kazi. Nikang'oa soli ya ndani, nikapunguza sifongo la ulimi wa kiatu, nikapata nafasi ya nusu namba hivi. Nikajiona fundi hodari. Nkirote alipopita asubuhi ya Alhamisi akaniuliza, "Mjomba, umeamkaje?" nikamwambia nimeamka salama.

Jumamosi tukaenda Scarborough. Ukumbi ulikuwa umejaa wazazi, na hao wazazi, Mungu wangu, mimi nilidhani kelele nimeziacha sokoni. Karibu nasi alisimama mama mmoja, Kimberly, mwenye binti timu moja na Gakii, akimfokea refa tangu kabla mchezo haujaanza.

"Nunua miwani! Nitakununulia mimi!"

Kangethe alikuwa na simu mkononi, anapiga picha.

"Kangethe, mpira uko kule."

"Mpira naujua, mjomba. Derek anaangalia miguu." Kisha akapaza sauti hadi mishipa ya shingo ikasimama: "Gakii! Kimbia! Unatembea! Nani alikwambia utembee?"

Ndipo nilipotazama uwanjani vizuri. Wasichana wote wa timu yetu walikuwa wamevaa vyeupe na zambarau. Derek nikaonyeshwa upande wa pili, kijana wa kofia, anatafuna, anaandika kwenye simu.

Mpira wenyewe siujui, ila najua mtu anayejua kazi yake. Gakii alikuwa anajua. Alifunga, akafunga tena, na kila akiruka nilikuwa nangoja atue, nikiuma meno. Kipindi cha pili alipewa mpira akiwa peke yake. Hapakuwa na mtu karibu naye. Akakanyaga, akaanguka, na mlio alioutoa haukuwa wa mchezo.

Sijui nilifikaje pale chini. Kocha alikuwa anavuta kiatu, mtoto analia asikivute. Mguu ulikuwa umevimba ukakijaza chote. Mimi mkasi wangu wa kazi siuachi nyumbani, uko kwenye koti siku zote. Nikautoa.

"Usikate!" Kangethe alikuwa nyuma yangu. "Mjomba, usikate! Havijafika madukani!"

Niligeuka kumtazama. Nilidhani nimesikia vibaya, katika kelele zile. Hapana. Alikuwa amenyoosha mkono kukinga kiatu, na mtoto wake amelala sakafuni anamtazama.

Nikakata. Soksi iliyotoka ilikuwa nyeupe kisiginoni tu.

Derek akaja, akainama, akatazama.

"Kwa nini amevaa hivi?" akauliza.

Kangethe akababaika kumjibu. "Ulimpa. Uli... ulimpa wewe."

"Hivi si vya kuchezea, bwana. Ni vya kupiga picha, uweke mtandaoni basi. Tumetuma mia mbili, namba saba vyote. Hatujauliza mtu namba yake." Hakusema kwa hasira wala kwa huruma, alisema kama mtu anayekuelekeza kituo cha basi. Kisha akatazama wazazi waliokuwa wameinua simu. "Jamani, hii msiiweke mtandaoni."

Mia mbili, namba saba vyote. Nikainua macho. Wasichana wa timu walikuwa wamesimama duara, na wawili walikuwa wamekaa chini wanalegeza kamba, kimya kimya. Mmoja alikuwa binti wa Kimberly. Mama yake akamwinamia, nami nilikuwa karibu, nilisikia.

"Funga. Funga haraka. Nafasi ya yule imebaki wazi."

Na mtoto akafunga.

Hospitali tulimkalisha Gakii kwenye kiti cha magurudumu, mguu wa kulia umefunikwa taulo. Kidole kimevunjika, wakatuambia, na usaha umeingia ndani. Mpira hadi mwaka ujao, labda. Kangethe alisimama ukutani na simu yake mkononi, haigusi. Nkirote akafika mbio na sare yake ya kazi, maana alitoka zamu yake hospitali nyingine. Alifunua taulo. Alitazama kwa muda ambao muuguzi hahitaji, akalifunika tena.

"Hili si la leo," akasema. "Nani alikuwa anajua?"

Kangethe alitazama chini. Gakii akafungua mdomo, na nikaona anataka kusema yeye peke yake.

"Mimi," nikasema. "Tangu Jumatano. Nilivipunguza ndani ili aweze kuvivaa."

Nkirote hakunipigia kelele. Ningetamani apige. Akanitazama tu, kama unavyomtazama mtu uliyemkaribisha ndani ukamwachia mtoto.

Kisha akatazama mguu wa kushoto, nasi sote tukautazama. Kiatu kilikuwa bado kiko mguuni. Tangu Scarborough hadi hapo, watu wazima wawili na kocha, hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto ana miguu miwili.

"Gakii," Nkirote akamwita. "Na huu?"

Gakii akaitikia kwa kichwa.

"Mjomba, lete mkasi."

Nikampa. Kangethe akaondoka ukutani, akapiga magoti, nami nikajiandaa kumsikia akisema tena tusikate. Badala yake akakishika kisigino kwa mikono miwili ili mguu usitikisike, akageuza uso pembeni, na Nkirote akakata.