Kikapu Hakiwekewi Ubao

Shibukawa hajavua hata viatu, Mitsue alikuwa ameshakitambua kile kikapu. Kilifungwa kwa kitambaa cha zambarau, mpini tu ndio uliochomoza, na mpini ule Mitsue aliujua tangu ulipokuwa ufito wa dari katika jiko la mama yake, milimani kule Tamba.

Nyumba ile ya nyasi ilibomolewa mwaka mmoja na nyingine nyingi za kijiji. Mianzi ya darini ilikuwa imekaa juu ya moto kwa vizazi, ikila moshi wa kuni mbichi na mvuke wa supu, hadi ikageuka rangi ya damu iliyokauka. Wakulima waliukohoa moshi ule maisha yao yote, wakazikwa nao vifuani. Wakaja waungwana wa mjini, wakaugusa mwanzi kwa ncha za vidole, wakasema: uzuri ulioje!

Yasaku, mume wa Mitsue, alibeba mzigo wa mianzi ile mgongoni hadi mjini Sakai, kwenye karakana ya vikapu ya Kogansai wa pili. Kogansai alikuwa na jina; Yasaku alikuwa na vidole. Alipasua, akakwangua, akasuka, na kilichotoka mikononi mwake kilitoka karakanani kwa jina la Kogansai. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na walionufaika nayo walisema ndivyo yanavyotakiwa kuwa.

"Mama Wakasugi," Shibukawa alisema alipoketi, "nimekuja na jambo dogo tu."

"Mwenye jambo dogo huja na maandazi machache. Hayo yako yanatosha msiba."

Shibukawa alicheka, akalisogeza boksi la maandazi ya maharage pembeni. Alikuwa mwenye viwanda vya nyuzi, baba yake alikuwa mwenye viwanda vya nyuzi, na wote wawili walikusanya vyombo vya chai kama watu wengine wanavyokusanya vyeo. Akakifungua kikapu.

"Nimekipata bila sanduku," alisema. "Chini hakina saini. Kogansai wa sasa, yule mjukuu, yuko tayari kuniandikia sanduku jipya, ila anataka mtu wa zamani aseme kimetoka karakana ya babu yake. Na wa zamani umebaki wewe."

"Kimetoka huko."

"Si ndiyo hivyo!"

"Na aliyekisuka ni mume wangu. Hilo nalo utamwambia?"

Kikapu cha maua cha chumba cha chai kisicho na sanduku lenye jina la fundi ni yatima, na yatima hupewa jina la yeyote mwenye sauti. Shibukawa alijua hivyo kuliko mtu yeyote.

"Mama, mimi najua, na wewe unajua. Lakini kwa jina la Yasaku hiki ni kikapu cha kutilia viazi."

"Basi katilie viazi."

Mitsue alikitazama kikapu, pale kwenye ukingo ambapo Yasaku alipenda kukunja ufito mara mbili ingawa moja ingetosha. Kogansai alimgombeza kwa hilo. Baadaye watu wa vitabu wakaiita mikunjo hiyo alama ya Kogansai.

"Nitasema," alisema mwishoni. "Lakini siku utakayokitoa mbele ya wageni, mgeni mkuu akiuliza ni kazi ya nani, utajibu: Wakasugi Yasaku. Mara moja tu. Kwenye sanduku mwandike mnachotaka."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Nakuahidi, mama." Aliahidi upesi mno.

Mtu wa nje angeliona ombi lile kuwa dogo. Lakini katika chumba cha chai, mgeni mkuu huuliza kila chombo ni kazi ya nani, na mwenyeji hujibu, na linalojibiwa pale ndilo linalotembea mjini. Kila kiangazi mikono ya Yasaku iliingia katika vyumba vile. Jina lake halikuingia hata siku moja. Alikufa likiwa bado nje, kama viatu.

Mwezi wa sita, vikapu viliporudi vidakani baada ya baridi, Shibukawa akaalika. Mitsue alikuwa jikoni nyuma ya mlango wa karatasi, kama alivyokuwa katika karamu zake nyingi, akikunja vitambaa vya kufutia mabakuli. Pamoja naye alikuwapo Fumi, mke wa mtunza bustani, mwenye mdomo usiochoka.

"Leo umevaa kimono chako kizuri kuja kuosha vyombo," Fumi alimtania. "Unaolewa?"

"Naposwa."

"Na nani tena, bibi yangu?"

"Na marehemu."

Fumi akajiziba mdomo kwa kiganja ili kicheko kisivuke mlango.

Wageni walikula, wakatazama makaa yakipangwa, kisha wakatoka kukaa kwenye benchi la bustanini. Huo ndio wakati wa mwenyeji kushusha maandishi yaliyotundikwa kidakani na kuweka maua. Shibukawa alisimamisha ua moja jeupe la asubuhi katika kikapu, akakinyunyizia maji kionekane kimeamka na umande. Kisha akaja jikoni. Mikononi alikuwa na sanduku jipya, mbao zake bado zikinuka msitu, wino wa Kogansai wa tatu ukiwa mweusi tii juu yake.

"Mama Wakasugi," alinong'ona, "usiniwie vibaya. Leo haitawezekana."

Mitsue aliendelea kukunja kitambaa.

"Mwalimu Hatsuse amekuja na mtu wa makumbusho. Nikitaja jina lisilo kwenye sanduku, ataona sanduku ni la uongo."

"Na jina la kweli utalitaja lini?"

"Siku nyingine, mama. Tukiwa sisi kwa sisi."

"Sisi kwa sisi tulishakuwa. Ni siku ile ya maandazi."

Lakini Shibukawa alikuwa ameshageuka kwenda kugonga upatu wa kuwaita wageni.

Juu ya rafu palikuwa na ubao mwembamba, mweusi wa kung'aa. Mtungi wa udongo huwekewa ubao kama ule kidakani, na chombo cha shaba pia. Kikapu hakiwekewi. Kikapu hukaa juu ya sakafu ya kidaka yenyewe, na mtoto wa mwezi wa kwanza wa masomo ya chai hulijua hilo kabla hajajua kusujudu vizuri. Upatu ulilia mara ya kwanza. Mitsue aliushusha ubao, akapiga magoti, akausukuma mlango.

"We bibi!" Fumi alimnong'oneza. "Umepata wazimu?"

"Shika hivi vitambaa, usije ukavidondosha."

Alikinyanyua kikapu kwa mkono mmoja, kwa mwingine akauingiza ubao chini yake, akakirudisha bila kumwaga tone. Upatu ulipokoma, alikuwa ameshaufunga mlango.

Wageni waliingia mmoja mmoja. Kila mmoja alisujudu mbele ya kidaka, na kila mmoja alikaa pale kidogo zaidi ya inavyopasa. Katika chumba kile kosa la mwenyeji halisemwi. Huachwa likae, kama mgeni wa ziada. Shibukawa aliingia na bakuli, macho chini kama inavyotakiwa, akageukia seredani, akakoroga chai. Ilinywewa. Ndipo Mwalimu Hatsuse, mwanamke mkavu wa miaka themanini ambaye wanafunzi wake walimwogopa kuliko ugonjwa, alipoanza kuuliza. Chai ya wapi? Bakuli la nani?

"Na kikapu?"

"Ni cha Kogansai wa pili," Shibukawa alijibu, sauti laini kama siagi.

Nyuma ya karatasi Mitsue hakutikisika. Fumi alimshika mkono.

"Na ubao?" Hatsuse aliuliza.

"Ubao, Mwalimu?"

"Ule uliokiwekea. Tangu niingie nawaza. Nikasema labda kumetoka mafunzo mapya, sisi wazee hatukuambiwa."

Shibukawa akageuka. Mitsue alisikia kimono chake kikigeuka.

"Mniwie radhi sana," alisema. "Ni huko jikoni. Kuna bibi ananisaidia, ameshazeeka, amekosea."

"Bibi wa jikoni anakupangia kidaka?"

Pale ndipo alipobanwa. Mwenyeji anayemwachia mwosha vyombo kidaka chake si mwenyeji, ni mpangaji. Ilimbidi ampandishe cheo yule bibi, na kwa haraka.

"Si bibi hivi hivi, Mwalimu. Ni mtu wa vikapu. Ni mjane wa aliyekisuka."

Likatoka. Alilisikia mwenyewe likitoka.

"Aliyekisuka," Hatsuse alirudia. "Si umesema Kogansai?"

Shibukawa aliliweka bakuli chini.

"Ni kazi ya karakana ya Kogansai. Mkono ni wa… Wakasugi Yasaku."

"Wakasugi Yasaku," alisema Mwalimu Hatsuse kwa sauti ya kutosha, kwa kuwa ni desturi mgeni mkuu kulirudia jina ili wa nyuma nao walisikie. Akasujudu kidogo kuelekea kikapu. Wa nyuma yake wakasujudu. Mtu wa makumbusho naye alisujudu. Hakuuliza kitu, na sanduku lilibaki na jina lililokuwa nalo.

Wageni walipokwisha kuondoka, Shibukawa alikuja jikoni, uso umemwiva.

"Unajua kabisa kikapu hakiwekewi ubao!"

"Najua."

"Umeniaibisha nyumbani kwangu. Usikanyage tena hapa."

"Sitakanyaga." Mitsue alikuwa akiufuta ubao, polepole, pande zote mbili. Akaurudisha mahali pake juu ya rafu, akavua aproni, akaikunja. "Ila kabla sijaondoka, bwana, hebu rudia lile jina. Kule ndani Fumi alikuwa anapumua kwa nguvu, sikulisikia vizuri."

Fumi alitazama dari.

Shibukawa alisimama pale, akimtazama yule mama aliyekuwa akingoja na aproni yake mkononi, na ilionekana wazi kuwa angengoja hadi giza liingie.

"Wakasugi Yasaku," alisema.

"Naam," alijibu Mitsue. "Ndiye huyo."