Hodi Mlangoni kwa Askari

Mimi Doris nikipika pilau Jumapili hapa Umbilo, Durban, ghorofa ya tatu nzima inajua, na umbea unatangulia kuingia kabla ya wageni. Jumapili ile umbea ulikuwa mmoja tu: Bhekani, jirani yangu Mzulu, askari wa jeshi la hapa aliyerudi kutoka vita vya Kongo, anaitwa mlangoni kila alasiri, na akifungua hakuna mtu.

"Anaitwaje?" nikauliza.

"Hodi," akasema Godson, mpangaji wangu. "Kiswahili kabisa. Nimesikia kwa masikio yangu, sauti ya mama mtu mzima. Nikadhani mgeni wako kakosea mlango."

Watu wakacheka. Yvette hakucheka. Yvette msusi, kwao ni karibu na Goma, na tangu vita vifike huko hajapata habari za mama yake. Simu haiiti. Hajui amwombee kama mzima au kama marehemu.

"Usinune, dada," Godson hakunyamaza. "Vita ile tumelipia wote. Kila ukinunua sabuni, serikali inachota kodi yake. Kliniki yetu siku hizi inafunga mchana, robot ya kona, hiyo taa ya kuongoza magari, imekufa tangu Pasaka, magari yanagongana, lakini risasi zilifika salama."

"Hebu funga domo, wewe!" nikamkemea.

Mlango ukagongwa. Bhekani mwenyewe, amekonda, shati limelowa. Akauliza kwa Kiingereza, hodi maana yake nini.

"Mtu anaomba kuingia," nikamwambia. "Anaita mara tatu. Usipomwitikia karibu, anakwenda zake."

"Huyu haendi." Akaketi palepale kizingitini. "Kule tulilala kwenye nyumba ya watu. Tulidhani wamekimbia. Mama mmoja akaja, akasimama mlangoni, anasema neno hilo. Mimi nina bunduki, sielewi. Nikamfukuza kwa mkono. Akarudi tena." Akanigeukia. "Kumbe nyumba ilikuwa yake?"

Mtu apige hodi mlangoni kwake mwenyewe!

"Alikuwa anataka nini?" Yvette akauliza.

"Alinyoosha kidole kwenye sufuria. Ndiyo tuliyokuwa tunapikia sisi. Gari la chakula lilikuwa halijafika."

"Na kodi yote ile..." Godson akaanza, asimalize.

"Mabomu yalipoanza nikasomba vitu, sufuria nayo. Iko jikoni kwangu."

"Na mama?"

Bhekani akatazama sakafu. "Alikuwa bado amesimama nje."

Tukaenda kwake wote, wengine na sahani mkononi. Sufuria ilikuwa juu ya jiko, ndogo, imefunikwa, mkono wake mmoja umefungwa waya nyekundu.

"Ile waya nilifunga miye," Yvette akasema polepole. "Nilikuwa mtoto. Nilikata ya redio. Mama akanichapa, kisha akacheka."

Ndipo tukasikia, nyuma yetu, kwenye korido tuliyotoka sasa hivi:

"Hodi."

Sote tulikuwa ndani. Godson, na mdomo wake wote ule, akanishika mkono.

"Hodi."

Nikamnong'oneza Yvette asiitikie. Mtu aliye hai haiti hivyo, kutoka Goma mpaka Durban. Ukimwitikia, umekwisha kumzika. Yvette alijua hilo kuliko mimi. Akaichukua sufuria, akaikumbatia. Hakungoja ya tatu.

"Karibu, mama. Karibu kwako."

Hakuingia mtu. Kifuniko tu kikatetemeka kifuani pake, kama maji yanayokaribia kuchemka, na sufuria ilikuwa tupu.

Bhekani akapita katikati yetu, akatoka nje ya nyumba yake, akasimama koridoni, mikono imening'inia.

"Hodi," akasema, ulimi mzito.

Tukamtazama Yvette, maana karibu ilikuwa yake kuitoa. Alikuwa amempa mgongo, amefungua bomba, anasuuza sufuria.

"Hodi," Bhekani akaita tena.