Ziwa Lisilosikia Moto

Bi Amisa alibandika maji bila kuombwa. Katika mtaa wao pale Kasongo hakuna mwanamke aliyejifungua ambaye yeye hakumkanda kwa maji ya moto, sembuse Mwamvita, mtoto wa kaka yake, aliyerudi juzi kutoka kupasuliwa Bukavu.

Mwamvita alikaa kwenye kigoda, amejifunga kikwembe kifuani. Watu walijua ametolewa uvimbe tu. Mumewe peke yake ndiye aliyejua kwamba nyama yote ya ziwa la kushoto ilitolewa, na kwamba chini ya ngozi daktari aliweka kifuko laini, akakishikiza kwa wavu mwembamba wa plastiki kisiporomoke. "Nyama yako itaota katika matundu ya wavu," alisema daktari. "Mpaka ishike, usikande, usiweke joto."

Lakini mtu ataanzia wapi kumwambia shangazi yake kwamba ziwa hili si lake?

"Kaa muzuri, mutoto wangu. Unaniogopa kama bibi harusi!"

Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto kilianzia begani. Mwamvita aliruka.

"Iko moto, shangazi!"

"Moto ndiyo dawa. Ulizani nimekupikia mchuzi?"

Kikashuka mgongoni, akauma meno. Kisha Bi Amisa akafunua kikwembe, akakilaza kitambaa juu ya ziwa la kushoto. Mwamvita akatulia.

"Unaona? Hapa panapenda."

Mwamvita akatazama chini. Mvuke ulipanda kutoka kifuani mwake, naye hasikii kitu. Ngozi ile ilikuwa imekufa ganzi. Akaukamata mkono wa shangazi kwa nguvu ambayo hajawahi kumwonyesha mtu mzima.

"Toa! Naungua na sisikii!"

Kitambaa kikaanguka. Ngozi iling'aa vibaya. Bi Amisa alikimbilia mtungi, na maji ya baridi yakimwagika, Mwamvita alieleza yote: kifuko, wavu, na kwamba ngozi ikipasuka uchafu utaingia hadi kwenye wavu, na vyote vitatolewa.

"Na ulinyamaza tu! Ungeniacha nikuharibie?"

"Niliona haya."

"Haya!" Bi Amisa alizidi kumwagia maji.

Walimpigia daktari simu, akasema wamwagie maji ya baridi kwa nusu saa. Lengelenge likitoka, aende hospitali leo leo.

Jirani akapiga hodi, akitaka kukandwa kiuno.

"Leo sikande mutu!" Bi Amisa alijibu bila kugeuka. Uso wake ulikuwa karibu kugusa ngozi. "Bado," alinong'ona. "Bado haijatoka."

Nusu saa ikapita. Hakuna kilichotoka. Bi Amisa hakuamini. Akachota maji tena.