Gwantwa Mbele ya Kamera

Tunduma ina watu wanaohesabu kwacha bila kuzitazama, na ina watu wanaosikia lori likipanda kilima wakakwambia limebeba nini. Watson Simbeye yeye alijua kompyuta, na hakuona aibu kulisema. Juu ya mlango wa kibanda chake, jirani kabisa na foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: HAKUNA MASHINE YENYE SIRI KWA WATSON. Mvua ilikuwa imeanza kuichubua ile rangi, lakini majivuno ya mwenyewe yalikuwa mapya kila asubuhi.

Siku hiyo Ezron, dereva wa bajaji aliyekuwa rafiki yake na msumbufu wake vilevile, alisimama mlangoni akashusha abiria wawili.

"Fundi, wageni wako hawa, wametoka Ibaba," alisema. "Ila wamenishinda. Mzee kang'ang'ania kukaa mbele na mimi, tumebanana kama mihogo ndani ya gunia, na kiti chote cha nyuma yuko mama huyu peke yake. Nikawaambia kaeni wote nyuma. Hakuna aliyenijibu!"

Mzee Yonathani, mwenye kofia pana na bomba jipya la kunyunyizia dawa mkononi, alisalimia kwa upole. Nyuma yake, mbali kidogo, alisimama Gwantwa, mke wa mwanawe, kitenge kimemshuka hadi kwenye nyusi. Mumewe Sadoki alikuwa amebaki nyumbani na ng'ombe aliyekuwa anakaribia kuzaa, ndiyo maana baba mkwe akamsindikiza.

Gwantwa alimweleza Watson shida yake kwa sauti ya chini. Kulikuwa na mradi wa mbegu za viazi wenye ofisi Mbeya. Katika kata nzima ya Ibaba walitaka mkulima mmoja tu, shamba lake liwe darasa la wenzake, na mbegu safi zipitie kwake. Wanawake wa kikundi chake walikuwa wamempendekeza yeye. Usaili ulikuwa asubuhi hiyo, kwa video, na linki ilikuwa kwenye simu yake.

"Kwetu simu inashika ukiwa kilimani, ukishuka bondeni imekufa," alisema. "Kaka, nisaidie wanione. Nikikosa hapa, mbegu zinaenda kwa mwingine, na sisi tutarudi kupanda vile vile viazi vyenye ugonjwa."

"Dada, umefika," Watson alisema, akakunja mikono ya shati kama mtu anayeingia ulingoni. "Hii haihitaji kupakua kitu chochote. Inafunguka hapahapa kwenye kivinjari. Wengine wanashindwa kwa sababu kivinjari chao ni cha zamani, wamefungua kurasa ishirini, halafu wanalaumu mtandao. Mzee, kaa benchi lile. Usinyanyuke! Nyaya zangu zimepita hapo chini. Ukizikanyaga tu, Mbeya imepotea."

Mzee Yonathani alitazama benchi. Lilielekea moja kwa moja kwenye kioo kipana cha kompyuta. Alifungua kinywa, akakifunga, akakaa. Kisha akaishusha kofia hadi puani.

"Mzee kachoka na safari," Ezron alinong'ona.

Watson alifanya kazi kwa mbwembwe. Alifunga kurasa zote zilizokuwa zikila nguvu ya mashine, akakisasisha kivinjari, akaifunga laini ya rauta kwenye mtandao wa Tanzania isije ikarukia ng'ambo. Maana hapo Tunduma mtandao hauulizi pasipoti. Unaweza kukaa Tanzania huku bando lako linaliwa Zambia. Alipofungua linki, kivinjari kikaomba kutumia kamera na maiki, naye akabonyeza Ruhusu. Sura yake ikajaa kwenye kioo. Akajichana kidogo.

"Mnaona? Kama studio. Dada, kaa hapa."

Gwantwa aliketi. Picha ikawa nyeusi.

Hapohapo, kwenye kisanduku cha pembeni, Mbeya wakaingia: mama wa makamo mwenye miwani, aliyejitambulisha kwa jina la Bi Recho, na kijana mmoja wa kuandika. "Gwantwa, tunakusikia vizuri," alisema Bi Recho. "Lakini hatukuoni. Ni lazima tukuone, ndio utaratibu wetu."

"Jambo dogo hilo, mama!" Watson aliruka, akainama juu ya kibao cha herufi. Alibonyeza alama ya kufuli pembeni mwa anwani: kamera imeruhusiwa. Akapakia ukurasa upya: giza. Akachomoa waya wa kamera na kuuchomeka tundu jingine. Giza. Akamwomba Gwantwa apishe, akakaa yeye, na sura yake ikatokea inang'aa, jasho na vyote. Akampisha Gwantwa. Giza likarudi.

"Inamwona Watson, haimwoni mama," alisema Ezron mlangoni. "Labda imezoea sura mbaya, nzuri inaiogopesha."

"Wewe nenda kwenye bajaji yako!"

Bi Recho, ili kuokoa muda, alisema waanze kwa sauti wakati fundi akihangaika. Aliuliza mbegu zinatunzwaje baada ya kuvuna. Hapo Gwantwa alibadilika. Alisema kiazi cha mbegu hakifichwi gizani. Kinatandazwa kwenye chanja penye mwanga usio wa jua kali, ili kichipue machipukizi mafupi, manene, yenye nguvu. Alisema jinsi anavyong'oa mche uliougua kabla haujaambukiza jirani yake. Kijana wa kuandika aliandika bila kuinua kichwa.

"Vizuri sana," alisema Bi Recho. "Na shamba unalolima ni la nani? Tutajie jina la mwenye shamba."

Kimya.

"Gwantwa? Jina la mwenye shamba?"

Watson, kichwa kimezama kwenye waya wa kamera, alisikia swali likirudiwa tu.

"Maiki nayo imekufa!" Watson alipiga kelele. Alihisi kama yale maandishi ya juu ya mlango yanamcheka mgongoni. Nyuma, Mzee Yonathani alinyanyuka.

"Kijana, mimi naona..."

"Kaa, mzee! Nyaya!"

Mzee akakaa. Watson akazama chini ya meza kukagua viungio, kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa vizima. Sauti ya Bi Recho ikashuka kutoka juu: "Jamani, wapo wa kata nyingine wanasubiri. Kama haiwezekani, tutaendelea na wao."

Ni hapo Watson alipoinua macho kutoka chini, akaona alichokuwa hakioni kwa kukodolea vitufe. Mkono wa Gwantwa ulikuwa juu, umeshika ncha ya kitenge, umeifunika kamera kama mtu anayefunika chungu.

"Dada! Kumbe ni wewe!"

Gwantwa alishituka, kitenge kikateleza. Picha ikawaka. Katika kisanduku kimoja zikatokea sura mbili: Gwantwa, macho yamemtoka, na nyuma ya bega lake Mzee Yonathani kwenye benchi, kofia imemfunika uso mzima, na juu ya kofia ameweka kiganja. Gwantwa alitoa ukelele mdogo, akateleza kutoka kwenye kiti hadi chini ya meza, wakakutana uso kwa uso na fundi.

"Kaka," alinong'ona, "yule ni baba mkwe wangu. Kwetu simwonyeshi uso. Na jina lake halijatoka kinywani mwangu tangu niolewe. Wewe umemkalisha hapo, halafu uso wangu umeutanua mkubwa kama dirisha!"

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme vipi, naye anasikia?"

Kutoka chini ya kofia ikaja sauti tulivu. "Mimi nilitaka kutoka tangu mwanzo, mwanangu. Nimenyanyuka, umenikalisha."

Masikio ya Watson yaliwaka moto. Alizoea kugombana na mashine, na mashine ikikosea huitukana akapoa. Leo hapakuwa na wa kutukana ila yule aliyekuwa anatokwa jasho ndani ya shati lake. Alitoka chini ya meza, akazikanyaga zile nyaya zake tukufu bila kuzitazama, akamshika mzee mkono. Kofia ikiwa bado usoni, akamwongoza hadi nje na kumkalisha ndani ya bajaji. Mbeya haikupotea.

"Nisamehe, mzee," alisema.

"Umefanya vema. Rudi kwa mashine yako."

Ndani, Gwantwa alikuwa amerudi kitini. Kitenge kilikuwa mabegani, na kamera ilionyesha uso wa mwanamke mwenye macho makavu, anayejua alichokuja kufanya.

"Haya, sasa tunaonana!" alisema Bi Recho. "Nilikuwa nauliza mwenye shamba."

Gwantwa akafunga mdomo. Akamtazama Watson. Watson akatazama mlango. Na kutoka kwenye bajaji, juu ya honi ya lori lililokuwa likilia kama limefiwa, ikapaa sauti ya mzee: "YONATHANI! Waandike Yonathani!"

Bi Recho alivua miwani. "Huyo ni nani?"

"Ndiye mwenyewe," alisema Gwantwa. "Baba wa mume wangu."

"Aa! Basi afadhali. Bila ridhaa yake hatuwezi kufanya darasa kwenye shamba lake. Amekubali?"

Gwantwa alishusha macho. Jambo hilo hakuwahi kumuuliza mkwewe, maana kwa kinywa chake asingeweza. Sadoki alisema atauliza, kisha ng'ombe akaanza kusumbua.

"Kaka," alisema taratibu, "kamuulize."

Watson alitoka mbio. Mzee Yonathani alikuwa amesikia kila neno, bajaji iko hatua chache tu kutoka dirishani, lakini alingoja aambiwe kama inavyopasa. Watson akasema. Mzee akafikiri, akasugua bomba lake jipya kwa kidole gumba.

"Kamwambie yule mama wa Mbeya: udongo ni wangu, viazi ni vya mkamwana wangu. Waje."

Watson akarudi, akayasema mbele ya kamera kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Bi Recho na kijana wake walinong'onezana. Gwantwa alishika ukingo wa meza.

"Gwantwa," alisema Bi Recho, "wiki ijayo mtaalamu wetu atakuja Ibaba kupima shamba. Wenzako wa Ibaba tulishawasikia jana. Tumekuchagua wewe."

Gwantwa hakupiga vigelegele. Alifunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika, na Watson hakujua ni kilio au kicheko mpaka alipovitoa viganja: kilikuwa kicheko.

"Kaka, mwambie baba nimepata."

Watson akatoka. "Mzee, amepata."

"Mwambie ndaga. Mwambie nashukuru."

Akaingia. "Amesema ndaga."

"Mwambie na mimi nasema ndaga. Na nitamkaangia viazi tukifika."

Akatoka tena, anahema. Ezron alikuwa ameegemea bajaji, machozi yanamtoka kwa kucheka.

"Fundi, huu mtandao wako wa miguu ni mzuri, haukatiki wala hauruki kwenda Nakonde!"

"Nyamaza wewe," alisema Watson, akamgeukia mzee. "Amesema na yeye ndaga, na atakukaangia viazi."

"Mwambie visiwe vya mbegu," alisema Mzee Yonathani kutoka chini ya kofia, na Watson akageuza miguu, akaingia ndani na ujumbe.