Poti ya Kumi na Mbili

…poti ya saba, kasema poti ya saba, tundu la waya wa Semeni, kila kinachopita kwenye kompyuta yake swichi ya mtandao itoe nakala iniletee mimi, nisome, kwa sababu barua za mashamba ya Mtawanya zinavuja na bosi Sadallah kaamua mvujishaji ni Semeni, Semeni huyo aliyenipokea siku ya kwanza nilipoingia ofisi hii ya ushirika, "Muzdalifa, ni kazi ya dakika mbili, Yassin alikuwa anaifanya," anasema, kasimama nyuma ya kiti changu, pumzi zake nazisikia shingoni, na Yassin kahamia Ikwiriri juzi, kaniachia cheo chake na nywila na kikombe kichafu, haya, nafungua mipangilio… kumbe ipo nakala nyingine tayari, inafanya kazi tangu mwaka juzi, inatoka poti ya kumi na mbili inakwenda kwenye kompyuta ya bosi, na kumi na mbili… naufuata waya kwa macho, wa bluu, unapita chini ya mlango wa kioo, unaishia kwenye meza yangu ya zamani, pale nilipokaa nikichapa barua, na si za ofisi tu, ee Mola, kila mwezi nikiwaandikia hospitali, magereza, vituo vya polisi, kwa barua pepe ya ofisi, seva kuukuu isiyoficha neno, namtafuta kaka yangu Mrisho, mrefu, ana kovu juu ya jicho la kushoto, aliondoka nyumbani Bungu asubuhi, mwaka ule wa watu kutoweka, ambao watu wa kwetu hawapendi kuutaja, kasema anakwenda kununua betri za redio… "Imekubali?" "Bado, bosi, inafunguka," na mama mpaka leo anamwekea sahani, na hapa kazini sikumwambia mtu, hata Semeni, basi ndiyo maana, ndiyo maana Ramadhani iliyopita bosi alikuja mezani kwangu akainama, akasema taratibu, "Mungu atamrejesha kaka yako, binti yangu," nami nikakimbilia msalani nikalia kwa furaha, nikajua dua zangu zimefika mahali, wala sikujiuliza kaambiwa na nani… "Shoga, mihogo inapoa!" huyo Semeni, anaita toka ukumbini, "Nakuja, dada," sauti yangu hiyo, nyepesi kabisa, na nikikataa ataitwa mwingine akae hapa, nikikubali nitayajua ya Semeni asiyoniambia, na siku moja nitasahau kwamba hakuniambia yeye, nitamfariji, naye atanishukuru… lakini huyu aliyesoma barua zangu alisoma na majibu yake, hapana, hayupo, hatuna mtu wa jina hilo, miaka miwili ya hayupo, akajumlisha, akaona ninachokataa kukiona, ndiyo akanionea huruma… "Muzdalifa?" "Naam, bosi," saba imekwisha andikwa, kidole kiko juu ya kitufe, na moyoni, kwa mara ya kwanza, jina la Mrisho limetanguliwa na neno marehemu, nami sikulifuta.