Kitambulisho cha Mzee Ondoga

Haya yote ni kweli tupu, hakuna hata punje ya chumvi iliyoongezwa. Asiyeamini na apande gari mpaka Arua aulizie kwa Mzee Ondoga, ataonyeshwa nyumba hata na mbuzi wa jirani. Na Ondoga mwenyewe, kila alipoanza kusimulia, aliapa kwa kaburi la mama yake, ingawa mama yake alikuwa hai kabisa huko Ayivu, akichambua maharage na kugombana na kuku.

Hadithi iliyompa sifa kuliko zote ilikuwa ile ya polisi. Tangu astaafu udereva wa malori, Ondoga alikuwa na benchi lake kwa wauza chai karibu na soko, na hapo ndipo alipoeleza jinsi alivyosimamishwa njiani akaombwa kitambulisho, naye akakataa. Si kwa jeuri, la. Alimtazama tu yule askari machoni, akamwambia hakuna sheria inayomlazimisha mtu kutembea na jina lake mfukoni kama ng'ombe wa mnada. Askari akapata kigugumizi, akapiga saluti. Kila mwezi hadithi ilinenepa. Saluti ya askari mmoja ikawa ya kikosi kizima, na siku moja, sukari ilipozidi kwenye chai, mkubwa wao akamsindikiza Ondoga kwa pikipiki mpaka mlangoni.

Ukweli ulikuwa umekonda. Kitambulisho cha Ondoga kilikuwa kwa Candiru, mama anayekodisha viti, maturubai na sufuria kubwa za msibani. Kwa Candiru ukichukua vyombo unaacha kitambulisho rehani. Vyombo vikirudi, nacho kinarudi. Ondoga alichukua viti na sufuria kubwa kwa matanga ya shemeji yake. Matanga yakaisha, viti vikarudi, lakini sufuria akaipitisha kwanza kwa watu wanaopika pombe kali ya waragi, walioahidi kumkumbuka. Wakamkumbuka vizuri sana, akalala siku nzima. Sufuria nayo ikatoboka kitako. Candiru, ambaye hana nafasi ya kusikiliza hadithi, akakitia kitambulisho ndani ya kopo la maziwa ya unga akafunika. Mke wa Ondoga aliambiwa kimepelekwa ofisini, jina lina kosa. Watu wa chai wakaambiwa habari ya sheria.

Wengi walicheka na kumwongezea kikombe. Mmoja hakucheka. Huyo alikuwa Soro, fundi cherehani aliyekimbia vita kutoka upande wa Yei, ng'ambo ya mpaka, mtu wa maneno machache, ambaye alisikiliza hadithi ile ameinamisha kichwa kama aliye kanisani. Kwa hiyo Soro alipopatwa na jambo, alikwenda kwa Ondoga moja kwa moja. Mpwa wake Duku, aliyemlea mwenyewe, alikuwa akitengeneza pikipiki Koboko na alitaka kumwoa Keji, binti wa watu wa Lurujo. Kwenye posa mwenye kijana hajisemei. Anasemewa na mtu mzima mwenye ulimi, na wazee wa Soro walikuwa wamebaki ng'ambo, wengine juu ya ardhi, wengine chini yake.

Kikao cha kwanza kilikuwa kimevunjika kwa sababu ya malaria ya Soro. Shangazi wa binti, Mariam Poni, akatuma neno: wajomba wa Keji watakusanyika mara moja tena. Watangoja mpaka mchana. Wakitawanyika, Duku atafute mke kwingine, kwa maana hakuna atakayewaita tena.

Basi wakaondoka Arua asubuhi na gari dogo la Tahiru, Ondoga mbele, Soro nyuma na mfuko wake wa sukari na majani ya chai ya wakwe. Njia yote mpaka kupita Maracha Ondoga aliendesha kwa mdomo. Tahiru alishika usukani tu.

Kabla ya kufika Koboko wakakuta gogo limelazwa juu ya mapipa. Askari mmoja, mwanamke mwenye sauti ya chini, akainama dirishani, akawasalimu wazee, akaomba vitambulisho. Tahiru akatoa chake. Mkono wa Soro ulikuwa umekwisha kuingia mfuko wa shati kabla swali halijaisha, maana mkono ule ulizoea. Lakini kwanza akatazama mbele, kwenye shingo ya Ondoga.

Na Ondoga, mungu wangu, angeweza hapo hapo kusema jambo dogo la kawaida. Maneno yakatoka yenyewe, kama mbwa anayesikia sahani.

"Afande, hakuna sheria inasema mutu atembee na jina lake ndani ya mfuko."

Mkono wa Soro ukatoka mfukoni mtupu.

Yule afande hakupiga saluti. Hakukasirika pia, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alisema hana haja ya kubishana sheria na mzee wa rika la baba yake. Wiki ile kulikuwa na gari lililoibwa, na kila anayepita anaulizwa. "Kama hautaki kuonyesha, si vita," akasema. "Kaa pale kwa benchi, upigie mutu mwenye anakujua, aseme wewe ni nani. Utaenda." Kisha akamgeukia Soro, naye Soro akajibu kwa upole kwamba yuko pamoja na mzee.

Wakakaa. Benchi lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, limeelekea barabara, hivi kwamba kila aliyepita aliwaona vizuri. Ondoga akaanza kutaja wakubwa anaowafahamu, mmoja mmoja, na afande akamwambia vizuri, chagua yeyote kati yao, piga. Ondoga akaitazama simu yake kama mtu anayechungulia kisima. Akasema mtandao hakuna. Simu ya afande ikalia hapo hapo, akaipokea, akaongea na mamake habari za mbegu za mihogo.

Magari yakaja na kwenda. Mama wa Kikongo mwenye vitenge alitoa karatasi zake, akazirudisha kifuani, akapita. Kijana wa boda akatoa chake bila hata kuacha kutafuna muwa. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Tahiru, aliyeegemea gari, akawa anatazama jua, halafu anamtazama Ondoga, halafu jua.

Ondoga akamsogelea Soro. Kwa sauti ya chini akamshauri aonyeshe kadi yake, atangulie na Tahiru, awazuie wajomba wasiondoke. Yeye atabaki kutetea haki.

"Hapana, mzee," Soro akasema. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akasema zaidi ya hapo. "Mimi natoa hii karatasi kila siku. Kupata mahindi, natoa. Kununua laini ya simu, natoa. Kwenda kuzika mutu wangu mwenyewe, natoa. Nimeitoa mpaka sura yangu kwa picha imefutika. Sijawahi kukaa karibu na mutu anasema hapana. Leo nimekaa. Acha nikae."

"Na Duku?"

"Duku ataumia. Lakini atajua iko siku moja mjomba wake hakuinama."

Ondoga akahisi masikio yanachemka. Kichwani alikuwa na uongo wa aina mbili, wote ukiwa tayari, umevaa viatu. Angeweza kuanguka kama mgonjwa wa moyo. Angeweza kusema kimeporwa na nyani wakati wa kukojoa porini. Akamtazama Soro, aliyekaa ubaoni mgongo umenyooka na mikono juu ya magoti kama anayepigwa picha, akaona kwamba mtu huyu anapoteza harusi ya mtoto wake kwa sababu ya sufuria ya waragi, na hajui.

"Sina," akasema. Alikiambia kiatu chake.

"Umesahau nyumbani?"

"Sina, Soro. Iko kwa Candiru." Akaeleza, sufuria, watu wa waragi, kopo la maziwa ya unga. Alipofika kwenye kopo akamalizia kwa mkono.

Soro akauliza: "Na ile ya saluti?"

"Hakuna saluti. Siku ile nilikuwa nacho bado, nikakitoa haraka mpaka kikaanguka. Nikapiga magoti kukiokota."

Soro hakumtukana. Angetukana, Ondoga angeshukuru. Aliinuka tu, akapangusa vumbi suruali, akaenda mpaka kwa afande, akatoa kadi yake na kumpa kwa mikono miwili, kama kila siku. Afande akaitazama, akamrudishia. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua.

Baada ya hapo kulikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye angeweza kuthibitisha, kitambulisho mkononi, kwamba Ondoga ni Ondoga. Namba ikapigwa kwa simu ya afande, na afande, kwa kuwa upepo ulikuwa mwingi, akaifungulia sauti kubwa.

"Ondoga? Namjua," akasema Candiru, na upande ule sufuria zilisikika zikigongana. "Sura yake iko hapa ndani ya kopo. Kama mnamfunga, mfungeni, lakini sufuria yangu itoke."

Foleni ya magari yote ilicheka. Mama mmoja mwenye kapu la parachichi aligeuka akawasimulia wa nyuma ambao hawakusikia vizuri. Afande alifunika mdomo kwa kiganja, akaupangusa uso mpaka ukarudi kuwa wa kazi, akasema mzee aende, na siku nyingine aseme tu kwamba hana. Kutokuwa nacho si kosa la kumtia mtu ndani. Amepoteza mchana wa watu bure.

Gari likaenda mpaka Lurujo. Ondoga alitamani hata tairi litoboke, apate la kuzungumza.

Walipofika wajomba walikuwa wamekwisha kusimama. Mmoja alikuwa ameshika baiskeli, mguu juu ya pedali. Duku alisimama kando, shati jeupe limemlowa kwapani, na alipoliona gari alikaribia kulia. Tahiru akaenda nyuma ya nyumba kuomba maji. Soro na Ondoga wakabaki wamesimama katikati ya ua, maana mgeni wa posa aliyechelewa hapewi kiti kabla hajasema kilichomchelewesha, na anayesema ni msemaji.

Mariam Poni alikuwa mama mnene, mtulivu, na macho yake hayakuwa na haraka. Akauliza ni nini.

Ondoga alikuwa amekusudia kusema kweli. Tangu kwenye gogo alikuwa akiipanga. Lakini akamwona Duku, na akawaza, wakijua kwamba msemaji wa kijana huyu ni mtu ambaye jina lake limo ndani ya kopo la maziwa, nani atatoa binti? Kwa hiyo, kwa nia njema kabisa, akaanza na tembo.

Tembo jike, na mtoto wake, wamelala barabarani upande huu wa Maracha. Askari wenyewe wako juu ya miti. Wajomba wakaguna. Yule wa baiskeli akashusha mguu. Ondoga akapata joto. Akamweka tembo mkia, akamweka masikio, akaeleza jinsi yeye mwenyewe alivyoteremka peke yake garini akamwendea yule mnyama, akamsemesha kwa heshima, kama mama mkwe.

"Huyo tembo," akauliza Mariam Poni, "alikuwa na sufuria?"

Jikoni wanawake wakapasuka. Katikati ya vicheko vyao Ondoga alisikia sauti ya Tahiru, ambaye maji alikuwa amekwisha kuyanywa kitambo. Akageuka amtazame Soro. Soro alikuwa ameinamisha kichwa, lakini si kama kule kwenye chai. Alikuwa kama mtu aliyevuliwa nguo na mwenzake mbele ya wakwe, mara ya pili kwa siku moja.

"Mzee wetu," Mariam Poni akasema, "mbuzi wa faini ya kuchelewa tunasamehe. Barabara ni ya serikali, polisi ni wa serikali, fundi huyu ametoa kadi yake, hana kosa. Mbuzi wa tembo hatusamehe. Na hatoki kwa Duku. Anatoka kwako wewe, leo, na mpaka afungwe hapa hakuna neno la binti litasemwa."

Wajomba wakakaa chini tena, sasa wakiwa na kitu cha kungojea.

Ondoga akasema kweli, yote, akiwa amesimama palepale. Haikuchukua muda. Alishangaa jinsi ilivyokuwa fupi. Halafu akakumbuka kwamba mifukoni hana kitu na mbuzi wake wako Arua, akavua koti lake, lile la kijivu la siku kubwa, akaenda nalo mpaka kwenye ua wa jirani, mzee mmoja aliyekuwa na mbuzi wawili chini ya ghala. Jirani akalipapasa koti bitana, akalivaa, akaita mkewe amtazame mgongo. Mkewe akamtazama kutoka mbele na nyuma, taratibu, huku ukoo mzima wa Keji ukingoja ng'ambo ya ua. Mwishowe jirani akamfungulia Ondoga mbuzi mwenye pembe moja.

Mbuzi hakutaka kwenda. Ondoga akamvuta mwenyewe uani, miguu ya mbuzi ikichora mistari vumbini, na hapo ndipo watu wote walipoona shati lake. Mke wa Ondoga alikuwa amepiga pasi kola na kifua tu, sehemu ambazo koti huacha wazi. Mgongo ulikuwa umekunjamana, na chini ya bega kulikuwa na kiraka cha kitambaa cha suruali, kilichoshonwa kwa uzi mweusi. Duku akajifanya anatazama baiskeli. Soro, ambaye ni fundi, aliutazama ule mshono, halafu akageuzia macho pembeni.

Ondoga akapiga goti penye kigingi na kufunga kamba. Ikafunguka. Akaifunga tena.